Nishani zisizoonekana kwenye hati: Namna askari wa zamani wa Marekani anavyosahihisha kumbukumbu zake

Na Mwandishi Wetu

MACHI 3, mwaka 2023, mzee wa miaka 83 alisimama Ikulu ya Marekani mjini Washington na kuvishwa na Rais Joe Biden nishani ya Medal of Honor, ambayo ndiyo ya juu kabisa inayotolewa nchini humo kwa ushujaa vitani.

Mzee huyo, Kanali mstaafu Paris Davis, alivishwa nishani hiyo kwa jambo alilolifanya Juni 1965 nchini Vietnam, wakati huo akiwa kapteni wa vikosi maalumu vya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Katika mapigano yaliyotokea karibu na mji wa Bong Son, Davis alijeruhiwa mara kadhaa, lakini alikataa kuondolewa uwanjani hadi Wamarekani wenzake wa timu yake walipokuwa wameokolewa.

Mkuu wake alimpendekeza kwa nishani hiyo muda mfupi baada ya mapigano. Pendekezo hilo lilipotea. Mwaka 1969 uchunguzi ulifanyika, faili halikuonekana, ikaagizwa pendekezo liwasilishwe upya, nalo likapotea tena. Kwa zaidi ya nusu karne kumbukumbu zake za utumishi ziliendelea kuonyesha nishani ya Silver Star, iliyo ya chini zaidi, na haikuwa hadi mwaka 2021 Wizara ya Ulinzi ilipoagiza suala hilo lipitiwe upya.

Kisa cha Davis kilivuma kutokana na ukubwa wa nishani yenyewe na kutokana na kwamba alikuwa mmoja wa maofisa weusi wachache wa vikosi hivyo katika miaka hiyo. Hata hivyo, wapo askari wengi wa zamani wasio na majina makubwa ambao hati zao zina upungufu wa namna hiyo: nishani ya majeruhi iliyosahauliwa na karani, utepe wa vita uliotangazwa baada ya askari kurudi nyumbani, au sifa ya kikosi kizima ambayo haikuwahi kuingizwa katika faili la mtu mmoja mmoja.

Suala hilo si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Sheria za Marekani zinamruhusu mgeni mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu kujiunga na majeshi ya nchi hiyo, na wapo vijana wenye asili ya Afrika Mashariki waliofanya hivyo. Aidha, mpango maalumu wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika jeshini, ulioanza mwaka 2009 na kuacha kupokea watu wapya mwaka 2016, ulikitaja Kiswahili miongoni mwa lugha hizo. Familia zao, ziwe Marekani au huku nyumbani, siku moja zitahitaji kuijua njia hii.

HATI YENYEWE NI IPI

Hati inayozungumziwa ni fomu namba DD 214, ambayo askari hupewa anapoachishwa au kumaliza utumishi wa moja kwa moja. Ilianza kutumika mwaka 1950, ikichukua nafasi ya hati za aina mbalimbali zilizokuwa zikitolewa kabla ya hapo.

Ndani yake hutajwa tarehe za kuingia na kutoka, cheo, kazi aliyoifanya, mafunzo aliyopata na namna alivyoachishwa. Katika fomu zinazotumika sasa, nishani, medali, beji na tepe zote huorodheshwa katika kisanduku namba 13.

Fomu hiyo hutolewa kwa nakala kadhaa, na nakala hizo hazilingani. Nakala fupi huficha baadhi ya maelezo, ikiwamo sababu ya kuachishwa. Anayetaka kuitumia kwa madai ya mafao au marekebisho anapaswa kuwa na nakala ndefu, ambayo kwa kawaida ni ile inayoitwa nakala namba 4 ya askari.

Kwa askari wa zamani wa Marekani, hati hiyo ndiyo inayomsemea mbele ya ofisi yoyote. Asichoandikiwa humo huhesabiwa kuwa hakukipata, hadi atakapothibitisha vinginevyo.

Athari zake si za heshima tu. Aliyetunukiwa Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, hupewa daraja la juu zaidi katika kuandikishwa kwenye huduma za afya za idara inayohudumia askari wa zamani, na husamehewa baadhi ya malipo ya matibabu. Tangu Agosti 2018, waliopata nishani hiyo kwa majeraha ya kuanzia Septemba 11, 2001 na kuachishwa kwa heshima, wanastahili mafao kamili ya elimu chini ya sheria ya wapiganaji wa kipindi hicho, bila kujali urefu wa utumishi wao.

Hata kaburini hati hiyo hutazamwa. Jiwe la kaburi linalotolewa na serikali linaweza kuchorwa nishani za ushujaa au Purple Heart, ila pale tu zinapothibitishwa kwa maandishi.

KWA NINI NISHANI HUKOSEKANA

Sababu ya kwanza, na ambayo ndiyo mashuhuri kuliko zote, ni moto. Usiku wa Julai 12, 1973, moto ulizuka katika ghorofa ya sita, iliyokuwa ya juu kabisa, ya Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, karibu na mji wa St. Louis katika jimbo la Missouri. Eneo la mafaili halikuwa na mfumo wa kunyunyizia maji.

Moto huo uliteketeza mafaili yanayokadiriwa kuwa kati ya milioni 16 na milioni 18. Asilimia 80 ya mafaili ya askari wa Jeshi la Nchi Kavu walioachishwa kati ya Novemba 1, 1912 na Januari 1, 1960 yaliangamia. Vivyo hivyo asilimia 75 ya mafaili ya askari wa Jeshi la Anga walioachishwa kati ya Septemba 25, 1947 na Januari 1, 1964, ambao majina yao ya ukoo yalifuata jina la Hubbard kwa mpangilio wa alfabeti.

Hakukuwa na nakala za akiba, wala orodha kamili ya yaliyokuwamo. Kwa maana hiyo, vita viwili vikuu vya dunia na vita vya Korea vilipoteza sehemu kubwa ya maandishi ya watu waliovipigana. Mafaili yapatayo milioni 6.5 yaliokolewa yakiwa yameungua kingo au kulowa maji, nayo hadi leo hushughulikiwa kwa uangalifu wa pekee.

Sababu ya pili ni ya kawaida zaidi: haraka ya makarani. Askari waliokuwa wakirejeshwa kwa maelfu baada ya vita waliandikiwa hati zao katika foleni ndefu, mara nyingi kambini ambako hakuna aliyewafahamu, na wengi wao walitia saini bila kusoma wakiwa na hamu ya kwenda nyumbani. Amri ya kutunuku nishani iliyotolewa hospitalini au katika kikosi kingine haikuwa imelifikia faili.

Sababu ya tatu ni kwamba baadhi ya nishani zenyewe zilichelewa kuzaliwa. Nishani ya waliokuwa mateka wa vita iliundwa mwaka 1985, lakini inawahusu waliotekwa tangu Aprili 5, 1917. Serikali ya Korea Kusini ilitoa nishani kwa wapiganaji wa mataifa yaliyoisaidia katika vita vya mwaka 1950 hadi 1953, lakini Marekani ilikubali rasmi askari wake waipokee Agosti 1999. Askari aliyeachishwa mwaka 1954 asingeweza kuwa na utepe huo kwenye hati yake.

Mfano mwingine ni wa Bronze Star. Nishani hiyo ilianzishwa mwaka 1944, na mwaka 1947 Jeshi la Nchi Kavu liliamua kwamba kila askari aliyepewa beji ya mpiganaji wa miguu au beji ya tabibu wa vitani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia anastahili pia nishani hiyo. Wengi wa waliostahili walikwisha kurudi mashambani na viwandani miaka 2 kabla ya uamuzi huo, na hakuna aliyewafuata kuwapa habari.

Kwa waliopigana Vietnam, linalojitokeza mara nyingi ni suala la sifa za vikosi. Amri Kuu namba 8 ya Jeshi la Nchi Kavu ya mwaka 1974 ilithibitisha kwamba vikosi vya jeshi hilo vilivyokuwa chini ya makao makuu yake Vietnam vilitunukiwa na serikali ya Vietnam Kusini sifa ya kikosi ya Msalaba wa Ushujaa. Askari aliyerejea mwaka 1968 au 1970 anastahili kuionyesha, ingawa hati yake haiitaji.

MILANGO MIWILI

Kabla ya kujaza fomu yoyote, askari wa zamani au familia yake hupaswa kujibu swali moja: je, nishani ilikwisha kutolewa au kuidhinishwa ila haikuandikwa, au haikuwahi kutolewa kabisa?

Majibu ya swali hilo yanaelekeza katika milango miwili tofauti, na wengi wanaokwama kwa miaka ni wale waliobisha mlango usio wao.

Iwapo nishani ilitolewa kwa amri, au askari anaistahili moja kwa moja kwa kuwapo mahali fulani katika kipindi fulani, kazi iliyopo ni ya kiofisi. Hakuna anayeulizwa kama askari alikuwa shujaa. Kinachotafutwa ni karatasi inayoonyesha kwamba alikuwapo, au amri iliyotaja jina lake.

Iwapo nishani ni ya ushujaa na haikuwahi kutolewa, kusahihisha hati peke yake hakuwezi kusaidia, kwa kuwa hakuna kosa katika hati: imeandika kilichotokea. Hapo linatakiwa pendekezo jipya, lipitie ngazi zote ambazo lingepitia wakati ule wa vita.

Purple Heart iko katikati. Hiyo haipendekezwi kama nishani za ushujaa, bali ni stahili ya kila aliyeumia kwa kitendo cha adui. Lakini lazima ithibitishwe mambo matatu: kwamba kulikuwa na jeraha, kwamba lilisababishwa na adui, na kwamba lilihitaji kutibiwa na mganga wa jeshi na matibabu hayo yakaandikwa.

MLANGO WA KWANZA: KUOMBA KUMBUKUMBU

Hatua ya kuanzia ni kuomba nakala ya faili kutoka Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, ambacho kiko chini ya Idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani na ambacho tangu mwaka 2011 kiko katika jengo jipya, pia katika eneo la St. Louis. Ombi hufanywa kwa fomu namba SF 180 inayotumwa kwa posta, au kupitia tovuti ya idara hiyo.

Mwombaji hutakiwa kutaja jina kamili lililotumika jeshini, namba ya utumishi au namba ya hifadhi ya jamii, tawi la jeshi, tarehe za kuingia na kutoka, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kisha atie saini. Kwa faili linaloweza kuwa limeungua mwaka 1973, ni muhimu kutaja pia kikosi cha mwisho na mahali alipoachishwa.

Kwa familia zenye desturi ya kubeba jina la baba na la babu, suala la jina lina uzito wake. Linalotakiwa ni lile lililoandikwa siku ya kuandikishwa, kwa tahajia ileile, hata kama baadaye mhusika alilipanga upya katika pasipoti.

Ikiwa askari amefariki dunia, wanaoruhusiwa kuomba faili lake ni mwenzi aliyebaki ambaye hajafunga ndoa nyingine, wazazi, watoto na ndugu wa kuzaliwa naye, wakiambatisha uthibitisho wa kifo. Baba mdogo, shangazi, mpwa na binamu, ambao katika jamii za Kiafrika huhesabiwa kuwa wa karibu kabisa, hawamo katika orodha hiyo. Kwa kuagiza nishani yenyewe, kila jeshi lina mpangilio wake wa warithi, na Jeshi la Nchi Kavu humruhusu pia mjukuu mkubwa pale wengine wasipokuwapo.

Mafaili ya walioachishwa miaka 62 au zaidi iliyopita huwa mali ya nyaraka za umma, na mtu yeyote anaweza kuagiza nakala kwa malipo. Kabla ya muda huo, ombi la askari mwenyewe au la warithi wake kwa kawaida halilipiwi.

Faili likipatikana na amri ya nishani ikaonekana ndani yake, jambo huwa limekwisha kwa sehemu kubwa. Jeshi husika hutoa fomu namba DD 215, ambayo ni hati ya marekebisho. Fomu hiyo haiifuti ile ya awali bali huambatana nayo, hivyo anayeitunza moja na kuitupa nyingine atakuwa amejirudisha alikotoka. Nishani zenyewe hutumwa kwa askari bila malipo.

FAILI LIKIWA LIMEUNGUA

Wanaojibiwa kwamba faili lilikuwa miongoni mwa yaliyoteketea hawapaswi kukata tamaa, kwani jeshi huandika mambo katika daftari zaidi ya moja.

Hati za malipo ya mwisho ya mishahara hazikuwa pamoja na mafaili yaliyoungua, nazo huthibitisha kwamba mtu alitumikia na lini aliachishwa. Taarifa za kila asubuhi za vikosi, ambazo ziliandika nani amewasili, nani amelazwa na nani ameumia, nazo zipo. Mafaili ya madai ya mafao yaliyofunguliwa kabla ya moto mara nyingi yana nakala ya hati ya kuachishwa.

Mwaka 1988 kituo hicho kilipata taarifa za kompyuta zilizotokana na kadi za waliolazwa katika hospitali za jeshi kati ya mwaka 1942 na 1945, na kati ya mwaka 1950 na 1954. Taarifa hizo hutaja namba ya utumishi na aina ya jeraha, na kwa anayedai Purple Heart zinaweza kuwa ndiyo karatasi pekee iliyobaki duniani inayosema kwamba alipigwa risasi.

Aidha, amri za kutunuku nishani zilihifadhiwa pia katika nyaraka za vikosi na divisheni, ambazo nyingi ziko katika jengo la Nyaraka za Taifa huko College Park, jimbo la Maryland. Faili la mtu linaweza kuwa majivu, huku jina lake likiwa limechapwa katika amri ya divisheni yake.

Baada ya hapo vinakuja vilivyomo ndani ya nyumba: barua alizotuma kutoka vitani zenye muhuri wa posta, picha akiwa amevaa nishani, telegramu iliyowajulisha wazazi kwamba mtoto wao ameumia, na kipande cha gazeti la mjini kwao. Kila kimoja peke yake ni dhaifu. Vikikubaliana tarehe na mahali, vinasikilizwa.

BODI YA MAREKEBISHO

Pale ofisi za kumbukumbu zinapokataa au kushindwa kuamua, suala hupelekwa kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi. Bodi hizi zilitokana na sheria ya mwaka 1946, iliyotungwa ili Bunge la Marekani liache kupitisha muswada mmoja mmoja kwa ajili ya kila askari mwenye malalamiko.

Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Anga na Walinzi wa Pwani kila moja lina bodi yake, na bodi ya Jeshi la Wanamaji hushughulikia pia Kikosi cha Marine. Wajumbe wake ni raia, si wanajeshi walio kazini, na sheria inawapa uwezo wa kurekebisha kosa au kuondoa dhuluma katika kumbukumbu.

Maombi hufanywa kwa fomu namba DD 149. Sheria inataka yaletwe ndani ya miaka 3 tangu mwombaji alipoligundua kosa, lakini bodi inaweza kuusamehe muda huo pale haki inapodai hivyo. Mzee aliyegundua upungufu akiwa na miaka 80 hazuiliwi kwa sababu ya umri wa jambo lenyewe.

Linalowashinda wengi ni mzigo wa ushahidi. Bodi huanza kwa kuamini kwamba maofisa wa wakati ule walitimiza wajibu wao ipasavyo na kwamba hati iko sahihi. Anayedai vinginevyo ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba, kwa uzito wa ushahidi, ukweli uko upande wake. Maelezo marefu ya uchungu bila karatasi hayatoshi.

Maelezo ya mashahidi yanapokelewa, lakini yenye thamani ni ya mtu aliyeona kwa macho yake, akaeleza alikuwa wapi, saa ngapi na aliona nini, na akaapa. Shahidi anayesema kwamba alisikia habari hizo kambini humwongezea mwombaji kidogo sana.

Bodi pia hutaka mwombaji awe amemaliza njia za kawaida kwanza. Ombi linaloletwa kabla ya kupitia ofisi ya kumbukumbu linaweza kurudishwa bila kusomwa kwa kina, na miezi ikawa imepotea.

Sheria inazitaka bodi kukamilisha asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na ombi lolote lisivuke miezi 18. Anayekataliwa anaweza kuomba afikiriwe upya akileta ushahidi mpya, na baada ya hapo anaweza kwenda katika mahakama za shirikisho.

MLANGO WA PILI: PENDEKEZO JIPYA

Kwa nishani ya ushujaa ambayo haikuwahi kutolewa, njia ni ndefu zaidi. Kanuni za Jeshi la Nchi Kavu hutaka pendekezo la nishani liingizwe rasmi ndani ya miaka 2 tangu tukio, na muda huo ukipita mlango hufungwa.

Hata hivyo, kipo kifungu cha sheria kinachompa mbunge wa Marekani uwezo wa kuiomba wizara husika ipitie pendekezo lililochelewa. Ni lazima liwepo pendekezo lenyewe, lililoandikwa na kamanda au mtu mwingine anayelijua tukio moja kwa moja, pamoja na maelezo ya walioshuhudia na maandishi ya wakati ule. Askari haruhusiwi kujipendekeza mwenyewe.

Kwa Medal of Honor, muda ukiwa umepita, Bunge lenyewe hulazimika kuondoa ukomo huo kwa sheria.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Sajenti Henry Johnson wa kikosi cha watu weusi kutoka Harlem, New York, ambacho katika Vita Kuu ya Kwanza kiliwekwa chini ya makamanda wa Ufaransa kwa sababu ya ubaguzi uliokuwapo katika jeshi la Marekani. Usiku mmoja wa Mei 1918, akiwa zamu katika Msitu wa Argonne, Johnson alipambana na kundi la askari wa Kijerumani na kumzuia mwenzake asichukuliwe mateka, ingawa alikuwa na majeraha mengi mwilini.

Ufaransa ilimpa nishani yake ya Croix de Guerre mwaka huohuo. Nchi yake haikumpa kitu, na alifariki dunia mwaka 1929. Purple Heart ilitolewa kwa jina lake mwaka 1996, lakini madai ya Medal of Honor yalikwama kwa kukosa uthibitisho kutoka kwa wakuu wake wa wakati ule.

Uthibitisho huo ulipatikana mwaka 2011, pale wasaidizi wa Seneta Chuck Schumer wa New York walipoikuta taarifa ya Jenerali John Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ulaya, iliyoandikwa muda mfupi baada ya tukio na kumsifu Johnson. Bunge liliondoa ukomo wa muda mwishoni mwa mwaka 2014, na Juni 2, 2015 Rais Barack Obama akaitoa nishani hiyo. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 97, na hakukuwa na Johnson wa kuivaa.

Kwa waliopigana Vita Kuu ya Pili, hakuna askari mweusi aliyekuwa amepewa nishani hiyo hadi uchunguzi uliofanywa miaka ya 1990 ulipoonyesha kwamba ubaguzi ulichangia. Januari 13, 1997 Rais Bill Clinton aliitoa kwa watu 7. Mmoja tu, Luteni Vernon Baker, ndiye aliyekuwa hai.

UKALI UNAOTOKANA NA WAONGO

Wapo wanaouliza kwa nini mzee aliyevuja damu aombwe karatasi baada ya miaka mingi kiasi hicho. Jibu moja ni kwamba wapo pia wanaovaa nishani ambazo si zao.

Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 2006 ya kuwaadhibu wanaodai uongo kuhusu nishani, lakini Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliitengua mwaka 2012 kwa kuona kwamba inaingilia uhuru wa kusema. Sheria iliyofuata ya mwaka 2013 inamwadhibu anayedai uongo kuhusu baadhi ya nishani ili ajipatie fedha, mali au manufaa mengine.

Ukali huo hauwaumizi waongo peke yao. Huwaumiza pia wakweli ambao maandishi yao yaliteketea, na hao ndio ambao bodi zilitungiwa sheria.

LA KUFANYA MAPEMA

Askari anayekaribia kuachishwa anashauriwa aisome rasimu ya hati yake kabla ya kutia saini, akilinganisha kisanduku namba 13 na amri zote alizonazo mkononi. Kosa linalorekebishwa siku hiyo humalizwa na karani mmoja. Likiachwa, litahitaji fomu, mashahidi na pengine wajumbe wa bodi.

Kwa aliyekwisha kuachishwa, ni vyema kuhifadhi nakala ya kila amri, cheti na barua ya hospitali, na kumwonyesha mwenzi au mtoto mahali zilipo. Familia nyingi huanza kutafuta wakati wa msiba, huku mazishi yakisubiri na aliyezijua karatasi hizo akiwa ndiye anayezikwa.

Aidha, walio na wenzao wa kikosi wanashauriwa kuwatafuta wangali hai na kuwaomba waandike na kuapa walichokiona. Karatasi iliyopotea inaweza kupatikana baada ya miaka 90, kama ilivyokuwa kwa Johnson. Shahidi akifa, maelezo yake hayapatikani popote.